PDF yenye ukungu kwenye simu

Wadau wa Dar mnaowatengenezea mifumo wafanyabiashara wa Kariakoo, ankara ya PDF ikionekana na ukungu kwenye simu, msilaumu faili. Ukurasa wa A4 ni pointi 595 kwa 842. PDF.js (maktaba ya JavaScript ya kuonyesha PDF kwenye kivinjari) ikiuchora kwa skeli 1, kanvasi, yaani eneo la kuchorea kwenye ukurasa wa wavuti, inapata pikseli hizohizo, halafu kioo chenye devicePixelRatio 3 (pikseli 3 halisi kwa kila pikseli 1 ya CSS, kwa upana na kwa urefu) kinazivuta. Zidisha skeli kwa namba hiyo, ila upana wa CSS, yaani ukubwa unaoonekana kwenye kioo, uache palepale.

Sasa angalia memori, maana simu za bei nafuu huzidiwa hapa: kila pikseli hula baiti 4, hivyo ukurasa mmoja kwa skeli 3 ni kama MB 18. Kurasa 20, MB 360! Chora zinazoonekana tu. Zilizopita, weka upana wa kanvasi 0 ili memori iachiliwe.

Ukigeuza maandishi kuwa picha, tumia PNG. JPEG huacha madoa pembeni mwa herufi.