Nilichokiandika kwenye ombi la uuguzi

Herufi moja, e ya mwisho katika jina la babu yangu, imenichelewesha wiki tano. Katika cheti changu cha kidato cha nne jina hilo limeandikwa Salehe, na katika pasipoti limeandikwa Saleh. Hati zote nilizozipata baada ya kufika Marekani, kuanzia green card hadi leseni ya udereva, zimefuata pasipoti. Taasisi niliyoilipa ili ilinganishe elimu yangu ya Tanzania na ya hapa ilipopokea uthibitisho wa matokeo kutoka Baraza la Mitihani, haikumtambua Salehe kuwa ndiye Saleh, ikaliweka faili langu kando bila kunijulisha, nami nikawa nasubiri jambo ambalo hapakuwa na mtu wa kulishughulikia. Nilielezwa tatizo lenyewe wiki ya nne, baada ya kupiga simu mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa dirisha la udahili wa programu ya uuguzi lifungwe.

Fomu za hapa zinauliza jina la ukoo, na kila mara ninapolijaza nahisi nimeandika jambo lisilo kweli kabisa. Hakuna ukoo wetu unaoitwa Saleh. Saleh, au Salehe, alikuwa mzee mmoja mvuvi wa Tongoni aliyefariki kabla sijazaliwa, na jina lake limekaa la tatu baada ya langu na la baba kama ilivyo desturi yetu. Nilimpigia mjomba simu Tanga alfajiri ya huku, mchana wa kule. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwomba anitazamie cheti halisi. Alinijibu, "Mwanangu, kimo kwenye sanduku la bati, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na hati ya kiwanja. Sijakigusa tangu uondoke." Kesho yake alikwenda kwa wakili na cheti changu cha kuzaliwa, akala kiapo kwa maandishi kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, naye ni mpwa wake. Mzee wa miaka sabini na mbili, mwenye magoti mabovu, alipanda daladala mara mbili siku hiyo kwa ajili ya herufi moja. Kiapo kikapokelewa, faili likafunguliwa, na tathmini ikafika chuoni zikiwa zimesalia siku sita.

Ndugu zangu wa nyumbani huniuliza kwa nini nilihitaji vyeti tena ilhali nimesoma katika chuo hichohicho kwa miaka mitatu. Chuo cha jamii (community college), yaani chuo cha umma cha masomo ya miaka miwili, hapa Texas kina milango miwili. Mlango wa kwanza, wa kuingia chuoni, uko wazi karibu kwa kila mtu, na huo ndio uliokuwa baraka kwangu, kwa sababu Tanzania nilikwama kwenye fizikia ya kidato cha nne na bila ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia sikuweza kuomba stashahada ya uuguzi. Mlango wa pili ni wa programu yenyewe, na huo ni mwembamba. Ili ufike mbele yake lazima kwanza umalize masomo ya awali: anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, uandishi wa Kiingereza, na saikolojia ya ukuaji wa binadamu. Nimeyasoma moja moja, muhula baada ya muhula, huku nikifanya kazi zamu ya usiku kuanzia saa tano hadi saa moja asubuhi. Chuo chetu hakikubali masomo ya sayansi yaliyozidi miaka mitano, kwa hiyo kila mwaka unaopita bila kuchaguliwa unakula akiba niliyoiweka kwa kukosa usingizi.

Kisha kuna mtihani wa kuingilia unaoitwa TEAS, wenye maswali 170 na dakika 209. Sayansi ina maswali 50 kwa dakika 60, hesabu 38 kwa dakika 57, kusoma na kuelewa 45 kwa dakika 55, na Kiingereza 37 kwa dakika 37. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishinda mara ya kwanza, kwa kuwa dakika moja kwa swali haimtoshi mtu ambaye bado husoma sentensi ya Kiingereza mara mbili ili awe na hakika. Nilipata asilimia 71. Mara ya pili, baada ya miezi minne ya kujipima kwa saa ya jikoni watoto wakiwa wamelala, nikapata 83. Alama hizo hujumlishwa na wastani wa masomo ya sayansi na uzoefu wa kazi za afya, waombaji wakapangwa kuanzia wa juu, na mstari ukachorwa pale nafasi zinapoishia.

Wapo wanaodhani nafasi ni chache kwa sababu vyuo havitaki wauguzi wengi. Ninavyoona mimi, kinachobana hasa ni walimu na wodi. Kanuni za bodi ya uuguzi ya Texas hazimruhusu mwalimu mmoja kusimamia peke yake zaidi ya wanafunzi 10 katika mafunzo ya vitendo, na hilo ninaliunga mkono kwa moyo wote, kwani anayejifunza kumchoma mgonjwa sindano anahitaji jicho la mwalimu karibu. Programu hizi za miaka miwili zilianza kujaribiwa mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya Mildred Montag kuzipendekeza katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu huko New York, wakati Marekani ilipokuwa na uhaba mkubwa wa wauguzi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mhitimu wake hukaa mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaokaa mwenye shahada ya miaka minne. Nalitaja hili kwa sababu shemeji yangu aliniuliza kama nitakuwa "muuguzi nusu". Mtihani ni mmoja na leseni ni moja.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa barua ya maelezo binafsi, isiyozidi maneno 500, yenye swali moja: kwa nini unataka kuwa muuguzi? Rasimu yangu ya kwanza ilisema kwamba tangu utotoni nimependa kusaidia watu. Nilipoisoma nikaona kwamba ni kweli, na kwamba kweli hiyo ndiyo iliyomuumiza bibi yangu.

Bibi mzaa mama alipata kiharusi mwaka 2009, tukiishi Ngamiani, mjini Tanga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, sina kazi, kwa hiyo nilikabidhiwa yeye. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala kabisa, na maneno yamebaki machache. Nilimwogesha, nilimlisha uji kwa kijiko, nilimgeuza asubuhi, adhuhuri na usiku, na nilidhani mara tatu ni nyingi. Wiki ya tano niliona juu ya mfupa wa nyonga sehemu ya ukubwa wa kiganja cha mtoto iliyokuwa nyeusi kuliko ngozi iliyoizunguka. Nilipoigusa ilikuwa na joto, na chini yake pagumu kama embe lisiloiva. Nikachukua mafuta ya nazi tuliyoyapika wenyewe, nikapakanda kila asubuhi na kila jioni kwa nguvu zangu zote, nikiamini kwamba natawanya damu iliyoganda. Majirani waliokuja kumjulia hali walinisifu kwa mikono yangu. Bibi hakunisifu. Alikuwa akinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, akinitazama, nami nikadhani ananishukuru. Siku ya tisa ngozi ilipasuka. Kidonda kile hakikufunga mpaka anafariki.

Miaka kumi na minne baadaye nilikuwa nimeshamaliza mafunzo ya msaidizi wa wauguzi, ambayo hapa Texas ni saa 100, sitini za darasani na arobaini za vitendo, na nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Usiku mmoja, nikimbadilisha soksi bibi mmoja mzungu, niliona wekundu kwenye kisigino chake. Nikamwita muuguzi wa zamu, dada wa Kimombasa aliyenizidi miaka kama kumi. Alikibonyeza kisigino kwa kidole, akahesabu kimyakimya, akaachia. Ngozi yenye afya ikibonyezwa hupauka halafu rangi hurudi. Hapa wekundu haukuondoka hata kidogo. Akaniambia hicho ni kidonda tayari, ingawa ngozi haijachanika, kwa sababu mishipa midogo ya damu iliyo chini imekwisha kuumia. Tuliweka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee bila kugusa godoro. Nikanyoosha mkono kuchukua losheni. Akanizuia. "Usikande hapo, mdogo wangu. Ukikanda unazidi kuchana vya ndani."

Zamu ilipoisha sikuweza kuendesha gari. Nilikaa kwenye maegesho mpaka saa mbili na nusu asubuhi, mikono yangu ikiwa juu ya usukani, nikiitazama.

Muhula uliofuata nikajiandikisha anatomia. Sura ya ngozi niliisoma kama mtu anayesoma barua aliyochelewa kuipokea: tabaka la juu lisilo na damu yake lenyewe, mishipa midogo iliyo chini yake, na jinsi mfupa kwa juu na godoro kwa chini vinavyoibana nyama iliyo katikati mpaka damu isipite. Ndiyo sababu wazee tuliokuwa nao hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Ndiyo sababu muuguzi hutumia kipimo cha Braden, chenye alama 6 hadi 23, ambacho alama zake zikipungua hatari ya kupata vidonda vya kulalia huongezeka, akatambua nani yuko karibu kuumia kabla ngozi haijasema. Mimi nilikuwa na upendo na nilikuwa na mafuta ya nazi. Sikuwa na sababu ya jambo lolote nililokuwa nikilifanya.

Kuna jambo jingine nililoliandika, nalo ndilo ninalotaka lisomwe zaidi. Picha zote mwalimu alizotuonyesha darasani zilikuwa za ngozi nyeupe, na neno alilolirudia ni wekundu. Niliinua mkono nikauliza: kwa mtu mweusi kama bibi yangu, wekundu tutauona wapi? Alinyamaza kidogo, kisha akajibu vizuri, kwamba kwa ngozi nyeusi macho hayatoshi, ni lazima kupapasa, kulinganisha joto na ugumu wa sehemu hiyo na ngozi iliyo jirani, na kuangalia weusi uliozidi au rangi ya zambarau. Kila alichokitaja nilikuwa nimekihisi kwa vidole vyangu Ngamiani, mwaka ule, bila kujua kwamba nimeshika dalili. Wiki iliyofuata alileta picha nyingine. Katika nyumba tunayofanyia kazi wapo wazee weusi wengi, na nimewahi kuona ngozi zao zikikaguliwa kwa tochi na kuandikwa kuwa salama kwa sababu haikuonekana rangi nyekundu. Msaidizi anaweza kuripoti anachokiona, na mimi huripoti. Kupima hali ya mgonjwa, kuamua na kuandika mpango wa kumtunza ni kazi ya muuguzi mwenye leseni, na hiyo ndiyo kazi ninayoiomba.

Nilimsomea dada wa Kimombasa rasimu ya mwisho wakati wa mapumziko. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishauri niondoe habari ya kumkanda bibi, kwa hofu kwamba kamati itamwona mtu aliyemdhuru mgonjwa. Namheshimu, na nililiwazia shauri lake siku mbili. Lakini nilipoondoa sehemu ile, barua ilibaki na mtu mwema ambaye kamati haikuwa na haja ya kumjua, kwani waombaji wote ni watu wema. Nikairudisha, nikatafuta neno la Kiingereza la kueleza jinsi bibi alivyonishika kifundo cha mkono, na sikulipata, kwa hiyo nikaeleza tu kwamba alinishika, na kwamba sikuelewa. Maneno yalifika 497.

Jana saa nne usiku nilipandisha faili la mwisho: tathmini ya elimu, kiapo cha mjomba na tafsiri yake, matokeo ya TEAS, kadi ya chanjo ya homa ya ini, kipimo cha kifua kikuu, na ile barua. Watoto walikuwa wamelala na baba yao alikaa kando yangu akinisomea orodha kwa sauti ya chini, kimoja baada ya kingine, huku nikiweka alama. Nilipobofya kutuma, ukaja ujumbe kwamba maombi yamepokelewa na majibu yatatoka mwishoni mwa mwezi wa Mei. Nikavaa sare nikaenda zamu.

Leo mchana nilimpigia mjomba kumshukuru. Aliuliza kama sasa anaweza kukirudisha cheti kwenye sanduku. Nilimwomba kwanza akiache nje, mahali pakavu, hadi mwezi wa Mei upite.