Kupunguza mwendo wa video za harusi: programu ninazozitumia

Kamera yangu inarekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) 50 kwa sekunde, na video namkabidhi mteja kwa 25. Kwa hiyo nusu mwendo naipata bila shida. Zaidi ya hapo, programu lazima itunge fremu ambazo kamera haikuzinasa.

Kichujio cha minterpolate, kinachotunga fremu za katikati ndani ya FFmpeg (programu ya kuchakata video kwa kuandika amri), ni cha bure na hakihitaji kadi ya grafiki, ila ni kizito, na mkono wa mpiga ngoma ukipita mbele ya shati la maua, kingo zake huvurugika. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ina Optical Flow (mbinu ya kutunga fremu kwa kufuata mwendo wa vitu kwenye picha) hata kwenye toleo la bure. Kwa bwana harusi anayeingia ukumbini taratibu, inanitosha kabisa.

Lakini kipenzi changu ni RIFE, modeli ya akili mnemba iliyotoka 2020, ambayo naiendesha kwa programu ya Flowframes kwenye Windows. Kanga zikipepea, mara nyingi maandishi yake yanabaki yanasomeka. Kwangu hilo ni kubwa, kwa sababu akina mama wanachagua jina la kanga kwa makusudi!

Vidole vikishakuwa ukungu kwenye picha asili, usitegemee programu ivisafishe. Pandisha kasi ya shata (muda kamera inaotumia kunasa kila fremu) mapema, unaporekodi: 1/200 ya sekunde au haraka zaidi.