Kumbe Tenki Yangu Ilikuwa ya Kijani

Desemba ya 2022 nilifika nyumbani Nakuru na laptopu na pedi mbili za USB za kuchezea michezo, nilizozinunua njiani kwa mzaha tu. Kaka yangu alikuwa ametangulia na familia yake. Usiku, watoto wakiwa wamelala na Mama yuko jikoni na redio yake, nikafungua emuleta, ile programu inayoifanya kompyuta ijifanye kuwa mashine ya Nintendo ya 1983. Nikachagua faili moja: Battle City, ya Namco, 1985. Kilobaiti 24. Picha ya mbuzi niliyoipiga kwa simu asubuhi hiyo ilikuwa nzito kuliko mchezo mzima mara mia na ushee.

"Si Tenki hiyo!" kaka akasema, akavuta stuli.

Sisi tuliiita Tenki. Hakuna mtoto mtaani aliyejua kuwa ina jina jingine.

Raundi ya kwanza ikafunguka, nikabaki nimekodoa macho. Tenki ya kushoto, ya kaka, ilikuwa ya manjano. Yangu, ya kulia, ilikuwa ya kijani. Miaka ishirini na kitu nilikuwa nimeibeba kichwani ikiwa ya kijivu, kwa maana tulicheza kwenye Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, sebuleni kwa jirani mmoja pale mtaa wa Flamingo. Mle ndani kila kitu kilikuwa kijivu: matofali, maji, adui, sisi wenyewe. Hata zile tenki zilizokuwa zikimetameta, zinazotoa zawadi ukizipiga, kumbe zilimetameta nyekundu.

Mashine ya jirani ilikuwa ya kuiga ile ya Nintendo, imechomekwa kwenye tundu la erio, na picha haikutulia mpaka mtu azungushe kile kifundo cha chaneli taratibu, kama anayefungua sefu. Kaseti iliandikwa kuwa ina michezo 9999. Ilikuwa na saba au minane, ikajirudia kwa majina tofauti. Ikikataa kuwaka, tuliipuliza. (Nimekuja kujua kwamba kupuliza hakukusaidia kitu; kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha. Lakini nani angekubali kuirudisha bila kuipuliza?) Pedi ya pili haikuwa na kitufe cha start, na hiyo ndiyo iliyokuwa yangu siku zote, kwa kuwa mimi ndiye mdogo.

Bei ilikuwa kobole, yaani shilingi tano, kwa kila mchezaji, mpaka ufe. Na katika Tenki kuna njia mbili za kufa. Tenki zako zinaweza kuisha, hiyo ni ajali ya kazi. Au yule ndege mnayemlinda, tai aliyekaa chini katikati, amezungushiwa ukuta wa matofali, apigwe risasi. Akipigwa, basi, mmekwisha wote wawili hata kama mna tenki kumi. Tena risasi yako mwenyewe inamuua sawasawa na ya adui.

Jioni ninayoikumbuka ni ya mwaka 2000, mwaka wa mgao wa stima. Mvua ilikuwa imekataa, mabwawa ya Mto Tana yakapungua maji, na umeme ukawa unakatwa kwa zamu. Mama alitupa shilingi ishirini na chupa ya plastiki tukanunue mafuta ya taa kabla zamu yetu ya giza haijafika. Tulipita kwa jirani. Stima ilikuwa bado ipo. Kobole yake, kobole yangu.

Kwa kawaida tulikuwa tunafia raundi ya tisa au ya kumi. Siku hiyo tulifika ya kumi na saba. Waliokuwa wakingoja zamu waliacha kulalamika, wakaanza kutuhesabia zile tenki ndogo zilizopangwa pembeni mwa skrini, zinazoonyesha adui ambao bado hawajaingia uwanjani kati ya ishirini. Tano. Tatu. Zikaisha pale pembeni, wakabaki wawili uwanjani. Mmoja akashuka katikati moja kwa moja. Mimi nikamkimbilia ndege kutoka kulia, kaka kutoka kushoto, na sote watatu tukafyatua. Ndege akawa kifusi. Yale maandishi ya mwisho yakapanda polepole kutoka chini.

"Umepiga ndege!" kaka akapaza sauti, na sebule nzima ikamwamini. Tenki tatu za kijivu, nani angenitetea? Yeye ndiye mkubwa, na ndiye aliyepiga kelele kwanza.

Nyumbani Mama aliiinua chupa. "Mafuta ya ishirini ndiyo haya?"

"Ameangusha kobole mbili mtaroni," kaka akasema. Yaani mimi tena.

Usiku huo koroboi ilizimika kabla sijamaliza hesabu za shule. Mama hakunichapa. Alisema tu, "Giza hilo ni lako," akaenda kulala.

Sasa tulikuwa watu wazima, vidole vizito, tunacheka. Tulipofika raundi ya sita adui akashuka katikati, tukarudi mbio, ndege akalipuka.

"Umepiga ndege," akasema papo hapo, kwa sauti ileile.

Emuleta ina kitufe cha kurudisha nyuma. Nikakibonyeza. Kifusi kikasimama kikawa ndege, matofali yakajipanga, risasi zikarudi kwenye mitutu. Risasi zote zina rangi moja, kwa hiyo ilibidi tuzifuate moja moja mpaka zilikotoka. Adui alikuwa ameshalipuka. Ya kijani ilikuwa imetazama juu. Ya manjano ilikuwa imesimama kushoto, mtutu umeelekea kwenye pengo la ukuta.

Akanirudishisha mara tatu, pua karibu iguse skrini, kama refa wa VAR.

"Sawa," akasema. "Hiyo ni ya leo. Ya siku ile ulipiga wewe."

Jikoni redio ikazimwa.

"Siku ipi?" Mama akauliza.

Kaka akabonyeza start.