Rojo la biriani, viti vya malai na gari lenye macho

Kabla sijaanza, ami akiiona hii naomba aisome hadi mwisho ndo anipigie simu.

Haya. Ami yangu, mdogo wake baba, kanunua gari. Na sisemi gari la yadi lililokuja na redio inayozungumza Kijapani, la, nasema Mercedes GLS 580, jipya, karatasi za plastiki bado ziko milangoni, injini ya V8 ya lita 4, viti rangi ya malai, yaani krimu. Akawa na safari ya siku nne na kwake Kizingo, hapa Mombasa, wanavunja geti wajenge jingine, hivo akaona bora gari likae kwangu Kisauni penye ua na ukuta. Akanipa ufunguo na sharti moja tu: "Endesha, lakini usilibebeshe vitu." Vitu gani hakusema.

Mimi kazi yangu ni kubeba wageni, airport hadi hoteli za Nyali na Shanzu, kwa Toyota Probox. Nalisema hili mapema ili mujue anayewaandikia ni nani, si mtaalamu wa magari, ni dereva tu ambaye matuta yote kutoka Mtwapa hadi Likoni ayajua kwa uti wa mgongo. Ukinifunga macho ukanitia garini ntakwambia hapa Bombolulu, hapa Kongowea, kwa vile kiuno kinavyouma.

Skrini na mataa sitayasema sana. Zipo skrini mbili kubwa zimeunganishwa, zang'ara, usiku dashibodi yawaka rangi utadhani uko kwenye jukwaa la arusi, watoto wa mtaa walifurahi. Sauti ya injini huisikii mpaka uikanyage. Basi. Kilichonifanya nikae kuandika saa hizi za usiku ni miguu ya gari hili, yaani saspensheni yake, wallahi mimi sijawahi kuona kitu kama kile.

Ngoja nieleze vile nilivoelewa. Gari la kawaida lina springi na shokabzoba. Gurudumu likipanda tuta springi yajikunja, likishuka yajikunjua, na shokabzoba yaishika isiendelee kurukaruka. Yaani gari lapigwa kwanza ndo lajitetea. Hili la ami halina springi za chuma, lina mifuko ya hewa, na hilo peke yake si ajabu, magari mengi ya bei yanayo. Ajabu ni kile walichokiongeza juu yake, wakiita E-Active Body Control. Kila gurudumu lina pampu yake ya mafuta inayoendeshwa na umeme wa volti 48, na pampu hiyo yaweza kulisukuma gurudumu chini ama kulivuta juu, kila moja kivyake, bila kungoja barabara ianze ugomvi. Halafu nyuma ya kioo cha mbele kuna kamera mbili zimekaa pamoja mfano wa macho ya mtu, kazi yake kuitazama barabara, zikiona tuta zaiambia miguu jamani jiandaeni.

Nikatoka nalo asubuhi ya kwanza peke yangu. Tuta la kwanza nililopita nikakaza meno kama kawaida yangu, nikainua makalio kidogo (madereva wa Probox mwanijua), nikangoja. Kimya. Nikatazama kioo cha nyuma, tuta lile pale, nishalivuka. Nikarudi. Wallahi niligeuza gari nikarudi nikalivuka tena, na mwenye duka la pale akawa anitazama kama mtu aliyepotea njia. Tuta unalisikia, nisiwadanganye, kuna kitu kidogo chapita chini ya miguu kama mtu avuta mkeka uliokalia, lakini kichwa hakitikisiki. Kichwa ndo kilichonishangaza. Siku zote najua nimepita tuta kwa kichwa.

Kona nazo zina kisa chake. Mwajua gari likikata kona laegemea nje, abiria anamwangukia mwenziwe. Hili ukilitia kwenye modi waiita Curve laegemea ndani, kidogo tu, nyuzi chache, kama vile bodaboda alalavyo akiingia kona. Mara ya kwanza tumbo lilinicheza, nikadhani tairi limetoka upepo. Mara ya tatu nikapenda. Mtu wa kwetu ambaye kashawahi kukaa kwenye jahazi linalogeuza hatoona shida.

Jioni nikalipeleka barazani kwa mzee mmoja fundi ambaye magari kayaanza kabla mimi sijazaliwa. Akalizunguka, akainama, akachungulia chini, akasema "Mmh." Halafu akaanza: hawa Wajerumani wasijifanye wameanza leo, Wafaransa walitoa Citroën DS mwaka 1955 yenye kukalia mafuta na gesi, ukiwasha yainuka kama ngamia, na ndo ile iliyomuokoa rais wao de Gaulle mwaka 1962 gari lake lilipomiminiwa risasi njiani, matairi yakatoboka na gari likaendelea kukimbia. Hiyo ni kweli, ni kisa mashuhuri. Lakini mapenzi yake mzee ni Peugeot 504. Hiyo haikuwa na kamera wala pampu, ilikua na springi laini ndefu, gurudumu lapanda na kushuka kwa nafasi yake na mwili watulia, ndo maana ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na wazee wetu wakaipanda hadi Nairobi wakishuka na shati limenyooka. "Mwanangu," akaniambia, "barabara haipiganwi nayo." Nikamwambia mzee hili nalo halipigani, lachungulia tu. Akacheka, lakini akataka kujua mifuko ile ikipasuka nani Mombasa ataishona.

Na hapo ana haki. Magari ya hewa yaliyozeeka nimeyaona mimi, asubuhi mwenyewe atoka akalikuta limelala chini, mpira umeingia nyufa, kompresa imefanya kazi usiku kucha kujaza hewa inayovuja mpaka imeungua nayo. Mafundi wetu dawa yao moja: toa mifuko, tia springi za chuma, maisha yaendelee. Hili la ami lenye pampu nne na kamera hiyo dawa haliikubali. Ni gari la kununua ukiwa na pesa za kulitunza pia, si za kulinunua tu.

Kuna mchezo mwengine sikutaka kuusema lakini majirani washautia kwenye status zao. Gari likikwama kwenye mchanga kuna modi lajiinua na kujishusha lenyewe mara kwa mara, likishuka kwa nguvu tairi zaukandamiza mchanga, zashika, gari latoka. Mimi sikukwama. Mimi niliwasha tu uwani ili watoto waone. Likaanza kucheza chakacha, wallahi, kiuno juu kiuno chini, watoto wakapiga makofi, mpaka jirani mmoja akatoa kichwa dirishani akauliza kuna arusi ya nani.

Ambayo arusi ilikuwepo kweli, siku ya pili yake, ya mtoto wa mamdogo, Kuze huko Mji wa Kale. Na mamangu ndo aliyepewa kupika rojo la biriani. Nyinyi musiojua, biriani ya Mombasa rojo lapikwa mbali na wali mbali, na rojo la sufuria kubwa ni samli, tungule, vitunguu vya kukaanga, maziwa lala, nyama, na mafuta yanayoelea juu mekundu. Mwaka jana nilibeba sufuria kama hiyo kwa Probox, likamwagika kwenye tuta moja, na wageni wangu wakawa waniuliza kwa wiki mbili kama kuna mkahawa karibu.

Mamangu akatoka uwani, akaitazama Probox, akalitazama lile jengine.

"Mwanangu."

"Labeka mama."

"Tia sufuria humu."

"Mama hili la ami, kasema..."

"Ami yako nimemkogesha mimi akiwa hana meno. Tia."

Nikatia. Buti lina swichi, ukiibonyeza gari lajishusha nyuma, nimeona watu hawalisemi hili na mimi naona ndo lenye maana kuliko V8, manake sufuria ile tulikua wanaume wawili na bado twahema. Nikatandika gunia, magazeti, shuka kuukuu, mamangu akafunga mfuniko kwa leso. Nikaweka Curve. Nyie mwacheka, lakini fikirini: kona gari likiegemea nje mchuzi nao wakimbilia nje, wapanda ukingo wa sufuria, wamwagika. Gari likiegemea ndani na sufuria nayo yaegemea ndani, mchuzi wakaa sawa na sufuria yake. Hawa mainjinia sijui kama walimfikiria mpishi wa Kisauni.

Matuta yote hadi Kongowea hakuna kitu. Mamangu kaanza na dua, kafika nusu, kanyamaza, kumtazama kalala! Mamangu ambaye kwenye Probox ashika mpini wa juu kama abiria wa feri siku ya upepo.

Lakini kamera ni macho tu, na macho hudanganyika. Usiku wa jana yake kulinyesha, na karibu na sokoni kulikua na dimbwi, bapa, latulia kama kioo, mimi kwa Probox nalijua hilo shimo na jina lake ila siku hiyo nilishaanza kuwa tajiri, nikaliwachia gari liamue. Likaona maji, likaona ni sawa, likaingia. Du! Gurudumu la kushoto likazama, mamangu akazinduka, "Ya Rabbi!", na huko nyuma nikasikia chwaaa. Nikasimama kando, nikafungua buti mikono yatetemeka. Leso imelowa upande mmoja, matone matatu manne kwenye gunia. Viti vya malai bado ni malai. Nikaendelea, ila kutoka pale hadi daraja la Nyali madimbwi yote niliyakwepa mwenyewe.

Mjini tukafika salama mpaka pale njia inapoanza kuwa ya watu na paka. Gari hili lina urefu wa mita 5.2 na upana wa mita 2, na vichochoro vya Kuze havijajengwa na mtu aliyeota kitu cha namna hiyo. Kinyume nyume sikuthubutu. Tukaita hamali na mkokoteni wake, sufuria ikashushwa, mamangu pembeni akitoa amri, na wakaanza safari ya mita kama mia mbili za mawe, mkokoteni hauna springi, hauna hewa, hauna hata tairi nzima. Hawakufika mbali. Nilisikia mfuniko, halafu mamangu, halafu hamali.

Shati la hamali nimelilipa. Rojo lilibaki la kutosha na arusi watu walikula wakashiba. Viti vya ami ni visafi, aje na tochi atazame. Harufu tu ndo bado, nimeacha madirisha wazi siku mbili, nimetia udi, na sasa lanukia samli iliyofukizwa udi, na mwenyewe arudi kesho alfajiri.