Salamu ya wifi yangu, na saratani ambayo hatukuiwazia

Tangu nilipoolewa huku Uswidi nimezoea salamu ya wifi yangu: ananipa mkono, tunajuliana hali, kisha tunangoja vidole vyake vikubali kuniachia. Ana distrofia ya mayotonia aina ya kwanza, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli na kuifanya ichelewe kuachia ikishakaza, ambao chanzo chake kiligunduliwa mwaka 1992: katika jeni moja ya kromosomu ya 19, herufi tatu za DNA, CTG, hujirudia zaidi ya mara 50, ilhali kwa watu wengi hazifiki hata 35. Marehemu mama mkwe, aliyemrithisha, alitolewa mtoto wa jicho mapema kuliko wenzake, na baadaye akawekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo. Moyo na pumzi ndivyo tulivyoonywa tuvichunge, wala saratani haikutajwa.

Kumbe mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wagonjwa 1,658 kwa kutumia kumbukumbu za kitaifa za Uswidi na Denmark, ukakuta saratani 104, takriban maradufu ya zilizotarajiwa. Saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ilizidi mara saba na ushei, za ubongo na ovari kama mara tano, na ya utumbo mpana karibu mara tatu. Sikuziogopa sana namba zenyewe, kwa kuwa saratani ya ubongo hubaki adimu hata ikizidishwa mara tano. Ninachokiogopa ni jinsi ugonjwa huu unavyozimeza dalili za mwingine, maana misuli ya utumbo nayo hulegea, na kufunga choo, kuharisha na uchovu huwa mambo ya kila wiki. Wifi alipoanza kutokwa damu nje ya siku zake alinyamaza miezi minne, akiamini ni ugonjwa uleule. Kwa bahati njema, kipimo hakikuonyesha saratani.

Daktari hakumwongezea vipimo vya pekee. Alisisitiza tu kwamba vile vya kawaida vya umri wake asivikose, na dalili mpya asiinyamazie. Mwezi ujao atachunguzwa utumbo mpana kwa kamera. Kwa wagonjwa kama yeye, dawa za usingizi zinaweza kudhoofisha upumuaji hata saa kadhaa baada ya kuamka, kwa hiyo nimeandika jina la ugonjwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, nami nitamkabidhi mtoa dawa ya usingizi mkononi kabla sindano haijaandaliwa.