Nilivyobadilisha diski na pedi za breki za nyuma mwenyewe

Breki za mbele nilikuwa nimeshazibadilisha mara mbili, kwa hiyo za nyuma nilizipa asubuhi moja tu. Nilimaliza kwa tochi.

Dalili ilikuwa mlio. Ulianza mwembamba, nikikanyaga breki kwenye mwendo mdogo, halafu baada ya siku chache ukageuka mkwaruzo wa chuma kwa chuma upande wa nyuma kulia. Ukifika hapo huna tena cha kusubiri, pedi imeshaisha na sasa unaila diski.

Nilinunua seti nzima: diski mbili na pedi nne. Upande wa kushoto haukuwa ukilalamika, lakini breki za ekseli moja hubadilishwa pande zote mbili, la sivyo gurudumu moja litashika kuliko jingine.

Nililegeza nati za magurudumu gari likiwa bado limekaa chini, nikatia gia na kuweka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Vigingi hivyo ni vya lazima hapa, kwa sababu handibreki sharti uiachie. Kwenye gari langu kebo yake inakuja mpaka kwenye kalipa yenyewe, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, na ikiwa imevutwa, pedi hazitoki. (Wenye handibreki ya umeme wana hatua zaidi: lazima kwanza mfumo uwekwe kwenye hali ya matengenezo ili mota irudi nyuma.) Nikapiga jeki, nikaliketisha gari juu ya stendi mbili, kisha nikalisukuma kwa bega kuona kama linacheza. Jeki peke yake siiamini hata kwa muda wa kuokota spana.

Kalipa ilitoka kwa bolti mbili. Niliifunga kwa waya kwenye springi, maana ukiiacha ining'inie kwa paipu yake ya mpira utaiharibu paipu bila kujua. Kisha nikazitazama pedi za zamani, na hapo ndipo kazi ilipobadilika. Ya nje ilikuwa bado na milimita tano hivi. Ya ndani, ile inayosukumwa na pistoni ya kalipa, ilikuwa bati tupu.

Pedi mbili za gurudumu moja haziishi hivyo. Kalipa ya aina hii ina pistoni upande mmoja tu. Inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini zake na kuivuta ya nje. Pini ikikwama, ya ndani hufanya kazi ya wawili. Nilijaribu kuzichezesha: ya chini iliteleza kama kawaida, ya juu ilikuwa imeshikwa na kutu kama imechomelewa. Kama ningepachika pedi mpya na kufunga, baada ya muda mfupi ningerudi palepale. Niliinyunyizia mafuta ya kulainisha kutu na kuizungusha kwa koleo, nywele kwa nywele, mpaka ikatoka. Nikaisugua kwa msasa mwembamba, nikafuta tundu lake, nikaipaka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida hapana, kwa sababu huvimbisha mipira ya pini na tatizo linarudi.

Diski nayo haikutaka kuondoka. Skrubu yake ilinilazimu kutumia bisibisi ya kugongwa kwa nyundo. Baada ya skrubu kutoka, diski ikabaki imeng'ang'ania habu, kile kitovu inachokalia pamoja na gurudumu. Kwa bahati ilikuwa na matundu mawili yenye nyuzi za skrubu. Unaingiza bolti mbili, unakaza hii kidogo na ile kidogo, zinaisukuma diski mpaka inaachia kwa mlio wa kushtua. Kwenye ukingo wake ulichongwa unene wa chini unaoruhusiwa, milimita 8. Nilipopima nikapata 7.4. Habu niliisugua kwa brashi ya waya hadi ikang'aa, maana chembe ya kutu ikibaki hapo diski inakaa upande na kanyagio litakutetemekea mguuni. Diski mpya nikaiosha kwa dawa ya kusafishia breki kuondoa mafuta ya kiwandani.

Sasa pistoni, ambayo lazima irudi ndani ili pedi mpya, ambazo ni nene, zipate nafasi. Kwa mbele unaibana kwa klampu nayo inarudi ndani. Niliibana hii, haikusogea. Nikakaza zaidi, klampu ikaanza kupinda. Nikampigia fundi mmoja ninayemfahamu.

"Kaka, acha hapohapo," akasema. "Hiyo ya nyuma haisukumwi, inazungushwa."

Ndani ya pistoni kuna nyuzi za skrubu, ndizo zinazoifanya handibreki ijirekebishe yenyewe kadiri pedi zinavyopungua. Kuisukuma kwa nguvu ni kuzivunja. Alinipa kifaa chake cha kuzungushia, na pistoni iliyonitoa jasho saa nzima ikaingia taratibu kwa mwelekeo wa saa. Kwenye baadhi ya magari upande mmoja huenda kinyume, kwa hiyo angalia kwanza. Niliacha mfuniko wa kopo la mafuta ya breki wazi na kulichungulia kila mara. Pistoni ikirudi, mafuta yanapanda, na yakimwagika yanakula rangi ya gari. Nilinyonya kiasi kwa bomba la sindano. Mwisho nikaisawazisha pistoni ili kitundu chake kikae sawa na kijino kilicho mgongoni mwa pedi ya ndani.

Upande wa kushoto ulichukua dakika 50, pini zake zote zikiwa nzima.

Kabla ya kuwasha injini nilikanyaga breki mara kadhaa. Mara ya kwanza kanyagio lilizama mpaka chini, mara ya nne likawa gumu. Ukisahau hili, breki ya kwanza unayoihitaji barabarani haipo. Nikapima mafuta, nikakaza nati kwa spana ya kupimia nguvu, nikatoka kwenye barabara tupu. Nilipunguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa mara kumi hivi bila kusimama kabisa, nikiacha breki zipoe kati ya mara moja na nyingine, ili pedi na diski zizoeane.

Niliporudi nilisogeza kiganja karibu na rimu za nyuma bila kuzigusa. Joto la kulia na la kushoto lilikuwa sawa. Handibreki, iliyokuwa ikipanda mibofyo tisa, sasa inashika kwa mitano.