Mvinyo mwekundu wa shamba la mzee, tunavyoutengeneza nyumbani Hombolo

Familia yetu tunalima zabibu Hombolo hapa Dodoma, mzee ndo alianzisha, na karibu shamba zima ni Makutupora Red, ile nyeusi ya mvinyo. Miaka yote kazi ilikuwa kuvuna na kusubiri gari la mnunuzi, sasa mwenye zabibu anajua hazina subira, mnunuzi akikwambia matenki yamejaa njoo wiki ijayo basi wiki hiyo nyuki ndo wanakula na wewe umekaa unaangalia. Tukakubaliana na mama na kaka kwamba sehemu ya mzigo tuigeuze wenyewe, na siyo kukamua ule mchuzi wa zabibu wa kuuzia viwanda, tutoe mvinyo kabisa.

Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Za kipindi cha mvua tunauza hivyohivyo, zinakuwa na maji mengi halafu ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, unasumbua, unapiga salfa mpaka unachoka. Za Agosti ndo zenyewe, jua kali, ardhi kavu, sukari inapanda. Tunapima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia sukari ya zabibu, tunasubiri ifike kama briksi 22, yaani sukari asilimia 22 hivi, hapo kilevi kitakuja asilimia 12 au 13 chenyewe bila kuongeza sukari.

Tunachuma alfajiri zikiwa bado za baridi. Kazi ya mama na wadogo zetu ni kutoa vikonyo na kutupa punje zilizooza, hapo mama hana utani kabisa, halafu tunaponda kwa mikono ndani ya majaba ya plastiki, tena kwa kubonyeza tu, maana ukivunja mbegu uchungu wake hautoki tena. Maganda yanabaki humohumo, rangi yote iko kwenye ganda, ukikamua hiyo zabibu nyeusi ukatupa maganda mapema unapata kitu cha pinki. Jaba usijaze, acha robo wazi, litafura.

Hamira ya dukani mzee hataki, anasema ile iliyoko kwenye ganda inatosha, na kweli siku ya pili au ya tatu linaanza kuchachuka na kutoa mapovu lenyewe. Maganda yanapanda juu yanakuwa tabaka gumu, tunayazamisha asubuhi mchana na jioni kwa ule mwiko mkubwa wa kupikia ugali wa msibani, usipozamisha yanaota ukungu na mvinyo unaelekea siki. Shida kubwa hapa kwetu ni joto, likipita nyuzi 30 harufu nzuri yote inapotea, so tunafunika majaba kwa magunia mabichi na tunazamisha chupa za maji yaliyoganda, jirani mwenye friza tunamlipa kwa zabibu. Na milango iwe wazi muda wote, ile hewa ya kaboni inayotoka zabibu zikichachuka inakaa chini na haina harufu, inakata pumzi, usiinamishe kichwa ndani ya jaba hata siku moja, nasisitiza.

Baada ya wiki au siku kumi hivi tunakamua kwa kitambaa, machicha yanarudi shambani kuwa mbolea. Kilo 100 zinatoa lita 60 mpaka 70. Mvinyo unaenda kwenye madumu yaliyojazwa mpaka shingoni, mpira unatoka kwenye kifuniko unaishia kwenye chupa ya maji, hewa itoke isiingie. Tope likituama tunahamishia dumu lingine taratibu, tunarudia mara kadhaa, halafu unaachwa miezi sita angalau. Hapa ndo wengi wanashindwa, wanaonja mwezi wa pili wanasema mkali, kumbe haujatulia.

Kwa sasa tunakunywa wenyewe na ndugu, kuuza bado mpaka tumalize mambo ya TBS, shirika la viwango. Mzee anataka chupa iandikwe Hombolo kwa herufi kubwa, kaka anataka jina la kizungu, mama kasema wakimaliza kugombana wamuite aoshe chupa.